Kuzuia kujiua mbali na miji mikubwa: kikundi chenu kianze na njia ipi?

Mara nyingi huanza hivi. Mtu amejiua, amezikwa, na wiki mbili baadaye watu kumi na wawili wanakutana kwenye chumba cha kuazima. Wote wanakubali kwamba lazima kitu kifanyike, ila hawakubaliani ni kitu gani. Mwalimu anataka watu wafundishwe kutambua dalili. Muuguzi anasema wapo wanaoruhusiwa kutoka hospitali baada ya kujaribu kujiua na hakuna anayewajulia hali tena. Kijana mmoja amekuja na barua ya kupeleka serikalini. Na mama wa marehemu, ambaye hajasema neno tangu aketi, anasema anachotaka yeye ni mahali pa kukaa na watu wasiomwogopa. Saa mbili zinapita, wanatawanyika bila uamuzi, na mkutano wa pili wanafika sita.

Haya nimewaandikia hao kumi na wawili. Wote wanne waliozungumza wana hoja, na kila hoja ni njia inayojulikana, iliyojaribiwa mahali fulani duniani. Lakini kikundi kidogo kilicho mbali na mji hakina watu wala fedha za kuanza zote kwa pamoja. Kinapaswa kuchagua ya kuanza nayo.

Kabla ya hapo, neno moja. Kama unasoma huku wewe mwenyewe umechoka kuishi, weka ulinganisho huu kando. Mtafute mtu mmoja sasa hivi umwambie wazi: “Nafikiria kujiua, sitaki kubaki peke yangu.” Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au piga namba ya dharura au ya msaada ya nchi uliyopo. Hali hiyo hupanda na kushuka. Ikiwa imepanda, usikae nayo peke yako.

Vigezo vya kulinganishia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi tajiri nazo zina mzigo wake wa umbali: nchini Australia, viwango hupanda kadiri mtu anavyosogea mbali na miji mikubwa. Sababu zake hazina siri. Daktari wa akili yuko safari ya siku nzima. Kazi ni za upweke, mapato yanategemea mvua. Na kila mtu anamjua kila mtu, kwa hiyo gari lako likionekana nje ya ofisi ya mnasihi, jioni habari imeshafika nyumbani.

Hilo la mwisho lina upande wake mwema pia. Pale ambapo kila mtu anamjua kila mtu, mtu aliyebadilika huonekana. Vikundi vya jamii vina nguvu kwa sababu hiyo hasa.

Njia zote nne nimezipima kwa maswali matano yale yale. Inamfikia nani? Inadai nini kwa watu, muda na fedha? Ushahidi unasemaje? Inaweza kumuumiza nani ikifanywa vibaya? Inawafaa kina nani?

Swali la ushahidi lina mtego. Eneo lenye watu elfu ishirini huwa na vifo vichache vya namna hii kwa mwaka, na vinaweza kuruka kutoka viwili hadi vitano, au kushuka hadi sifuri, kwa bahati tu. Kikundi kikijipima kwa vifo vya mwaka mmoja, kitajisifu bure au kitajilaumu bure. Ndiyo maana nimetegemea majaribio makubwa, na kila mara nimesema kilichopimwa ni nini: vifo, majaribio ya kujiua, au maarifa ya waliofundishwa. Hayo ni mambo matatu tofauti, na matangazo mengi huyachanganya.

Liko pia swali ambalo halimo katika matano hayo, bali limesimama nyuma ya yote: mtu akifunguka usiku wa leo, nani yuko naye kesho asubuhi? Litarudi tena na tena hapa chini.

Njia ya kwanza: kufundisha watu kuona na kuuliza

*Inamfikia nani.* Wale ambao hawajamwambia yeyote na hawajakanyaga hospitali. Wanaofundishwa ni watu wanaokutana na wengi katika kazi zao za kila siku: kinyozi, kocha, dereva, kiongozi wa dini, muuza pembejeo, mwalimu. Mafunzo ya ASIST, kozi ya kumsaidia anayefikiria kujiua iliyoanzia Kanada mwaka 1983, huchukua siku mbili. Yale ya huduma ya kwanza ya afya ya akili yalianzishwa Australia mwaka 2000 na yamesambaa nchi nyingi. Broome, kaskazini-magharibi mwa Australia, wachezaji wa klabu ya mpira walijifunza wao wenyewe ili wakazungumze na vijana wenzao kupitia mradi wa Alive and Kicking Goals!

Kiini cha mafunzo haya ni swali moja, na inafaa tulitazame kwa karibu. Mtu ambaye hajafundishwa huuliza hivi: “Lakini huwezi kufanya jambo la kijinga, sivyo?” Swali hilo limeshachagua jibu, na mwenye maumivu atajibu “hapana” ili kumtuliza muulizaji. Aliyefundishwa husema alichokiona kwanza: “Naona siku hizi hulali, umeacha kuja mazoezini, na juzi umegawa vitu vyako. Watu wakifika hapo, wengine hufikiria kujiua. Wewe unafikiria kujiua?” Kisha ananyamaza. Wengi wanaliweza lile swali. Kinachowashinda ni kule kunyamaza, maana sekunde kumi za ukimya huonekana saa nzima, na ulimi unawasha kutaka kujaza pengo kwa mawaidha.

Na hapana, kuuliza hakumwingizii mtu wazo kichwani. Jambo hilo limejaribiwa, kwa mfano katika utafiti wa mwaka 2005 uliowahusu wanafunzi zaidi ya 2,300 wa shule za sekondari jimboni New York. Walioulizwa hawakupata fikra hizo zaidi ya wasioulizwa, na waliokuwa tayari wamelemewa walionekana kupata nafuu kidogo.

*Inadai nini.* Si mzigo mkubwa mwanzoni: mkufunzi, chumba, siku moja au mbili. Baadhi ya kozi hulipiwa leseni, na mkufunzi wa kutoka mbali hulala mahali na kula. Gharama iliyojificha ni marudio, kwa sababu ujasiri wa kuuliza hufifia baada ya miezi michache.

*Ushahidi.* Una pande mbili, na ni haki zote zisemwe. Utafiti wa SEYLE, uliofanywa shuleni katika nchi kumi za Ulaya kwa wanafunzi zaidi ya 11,000 na kuchapishwa mwaka 2015, uligundua kwamba kuwafundisha walimu kutambua dalili hakukupunguza majaribio ya kujiua kwa kiwango cha maana. Kilichoyapunguza kwa takriban nusu ni programu iliyowashirikisha wanafunzi wenyewe, wakijifunza na kuigiza hali ngumu za maisha. Upande wa pili, nchini Marekani, maeneo yaliyopata fedha za Garrett Lee Smith, mpango wa serikali wa kuzuia vijana kujiua, ambamo mafunzo haya yalikuwa sehemu kubwa, yalipata vifo vichache zaidi vya vijana, na athari ilikuwa kubwa zaidi vijijini na pale mpango ulipodumu miaka mingi. Uchambuzi wa awali wa mpango huo huo ulionyesha kuwa faida haikudumu baada ya shughuli kusimama. Kwa hiyo semina ya mara moja, yenye picha ya pamoja na vyeti, isihesabiwe kuwa kazi imekwisha.

*Inaweza kuumiza wapi.* Hapa swali langu linarudi. Ukiwafundisha watu arobaini kufungua mlango huku nyuma ya mlango hakuna kitu, kinyozi mmoja atajikuta saa nne usiku akiwa na mtu aliyemwambia kila kitu, na hana pa kumpeleka. Huyo kinyozi ataumia, na aliyefunguka atajifunza kwamba kusema hakusaidii.

*Inawafaa* wenye walau kituo kimoja cha afya kinachopokea watu hawa kwa heshima, ambapo shida ni kwamba watu hawafiki huko.

Njia ya pili: kusikiliza na kufuatilia

*Inamfikia nani.* Wale ambao tayari wamejulikana: waliojaribu kujiua wakaokoka, waliotoka wodini, waliosema wazi kwamba wamechoka. Ni wachache kwa idadi, ila hatari yao iko juu kuliko ya mtu mwingine yeyote, hasa wiki za kwanza baada ya kurudi nyumbani.

Njia hii ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu vikundi vingi huiruka. Haina jukwaa wala fulana, na hakuna kitu cha kupiga picha.

*Ushahidi.* Tazama jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2008. Lilihusu watu 1,867 waliopokelewa hospitalini baada ya kujaribu kujiua, katika maeneo ya Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipata huduma hiyo hiyo, wakaongezewa mazungumzo ya kama saa moja kabla ya kuondoka, kisha wakajuliwa hali mara tisa, kwa simu au kwa kutembelewa: wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11, halafu mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Baada ya miezi 18, waliokuwa wamekufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2. Kundi la pili, asilimia 0.2. Si kila jaribio lililofuata lilipata tofauti kubwa namna hiyo, na tuseme hivyo bila kuficha. Lakini hebu itazame tena ile ratiba. Hakuna ndani yake jambo ambalo mtu mwenye simu, daftari na moyo wa kutunza siri angeshindwa kulifanya akifundishwa vizuri.

Zimbabwe ilifika huko kwa njia nyingine. Mwaka 2005, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kwa kujiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka uliofuata, Mbare, jijini Harare, akaanza na akina bibi kumi na wanne waliofundishwa kuwasikiliza watu kwenye benchi, nje ya zahanati. Hawakutumia majina ya kitaalamu ya magonjwa. Walitumia neno la Kishona *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, ambalo msemaji wa Kiswahili halimpi taabu, maana nasi mtu aliyelemewa tunasema “ana mawazo”. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 hivi kwa waliokaa benchini, dhidi ya asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Waliokuwa na fikra za kujiua nao walipungua. Jaribio hilo lilipima dalili na fikra, halikupima vifo.

Mfano wa tatu ni wa Waapache wa White Mountain, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani, huko Arizona. Mwaka 2001 baraza lao liliamuru kila tukio la kujiua, jaribio au tishio liripotiwe kwenye timu yao wenyewe, na timu ikawa inamtembelea kila aliyeripotiwa. Kiwango cha vifo kikashuka kutoka 40 hadi chini kidogo ya 25 kwa kila watu 100,000, ukilinganisha miaka ya 2001 hadi 2006 na ile ya 2007 hadi 2012. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, na walifanya mengine pia. Hata hivyo ni jamii ndogo, iliyo mbali na miji, iliyoamua kwamba hakuna wao atakayejaribu kufa halafu asibishiwe hodi.

*Inadai nini.* Fedha kidogo, uaminifu mwingi. Mnahitaji makubaliano na kituo cha afya ili mgonjwa aombwe ridhaa yake, na namba yake isitolewe bila yeye kujua. Mnahitaji msimamizi mwenye taaluma ambaye wasikilizaji watampigia wakikwama. Na mnahitaji watu wasiochoka ifikapo mwezi wa 12, wakati msisimko wa mwanzo umekwisha. Watano wanaodumu ni bora kuliko thelathini wa uzinduzi.

*Inaweza kuumiza wapi.* Siri ikivuja mara moja, kazi imekwisha. Mahali padogo, mfuatiliaji anaweza kuwa shemeji wa mgonjwa, au mwajiri wake. Mpeni mgonjwa nafasi ya kusema nani asimfuatilie. Na msikilizaji naye anaweza kulemewa, hasa mtu aliyemfuatilia akifa. Hilo likitokea, mtu wa kumshika mkono awe ameshapangwa tangu zamani.

*Inawafaa* wenye hospitali au zahanati iliyo tayari kushirikiana, na wenye watu watulivu wachache wasiotafuta kuonekana.

Njia ya tatu: kusimama na waliofiwa

*Inamfikia nani.* Familia, marafiki, wanafunzi wenzake, askari aliyefika wa kwanza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kila kifo cha kujiua huwagusa watu 135 waliomfahamu marehemu. Sio wote wataumwa, ila kufiwa hivi humwongezea mtu hatari ya kufikiria kujiua yeye mwenyewe, na kwa vijana vifo vinaweza kufuatana.

*Inadai nini.* Watu wawili wawili wa kubisha hodi katika siku za mwanzo, na baadaye mduara wa kukutana mara moja au mbili kwa mwezi. Baton Rouge, jimboni Louisiana nchini Marekani, kulianzishwa timu za watu waliowahi kufiwa hivyo ambao huwaendea wafiwa bila kusubiri kuitwa, na waliofikiwa namna hiyo walitafuta msaada mapema zaidi. Nchini Australia, huduma ya StandBy hufanya kazi kama hiyo, nayo hufika maeneo ya mbali.

Wanaobisha hodi hawaendi na hotuba. Mara nyingi mfiwa anataka kuulizwa jina la marehemu na kuruhusiwa kulitaja, kwa sababu tangu siku ile kila anayeingia hulikwepa. Kisha kuna mambo madogo yanayolemea: nani atampokea polisi akirudi kuuliza maswali, watoto waambiwe nini. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao, kabla hawajausikia shuleni. Na lugha ichungwe. “Alifanikiwa kujiua” ni maneno ya kuuma. Semeni “alikufa kwa kujiua”, basi.

*Ushahidi.* Upo wa kuonyesha kwamba waliofiwa hupata nafuu na kupungukiwa na upweke. Wa kuonyesha kwamba njia hii hupunguza vifo ni hafifu, kwa sababu ni vigumu kulipima. Mimi siuoni udhaifu huo kuwa sababu ya kumwacha yule mama peke yake. Ni sababu ya kutoiita njia ya kinga pekee.

*Inaweza kuumiza wapi.* Mduara usio na mwezeshaji aliyefundishwa hugeuka mahali pa kusimuliana namna kifo kilivyotokea, na aliyekuja amelemewa anaondoka amelemewa zaidi. Aliyefiwa juzi asipewe uongozi. Na kumbukumbu za hadhara zinazomfanya marehemu shujaa, hasa shuleni, zinaweza kumpa kijana mwingine picha ya hatari. Mkumbukeni kwa maisha yake, msikipambe kifo chake.

*Inawafaa* waliopatwa na msiba karibuni, na mahali ambapo vifo viwili au vitatu vimefuatana katika muda mfupi. Hapo njia hii haisubiri.

Njia ya nne: uchechemuzi

*Inamfikia nani.* Hakuna mtu mmoja utakayemwona akisaidika, na hilo ndilo gumu lake. Unabadilisha sheria, bajeti, bidhaa zinazouzwa au namna redio inavyotangaza, na wanaookolewa hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

*Ushahidi.* Ukitazama idadi ya maisha, ndio mzito kuliko wote. Sri Lanka ilianza kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, yaani sumu za wadudu za shambani, miaka ya themanini, ikaendelea miaka ya tisini, na kiwango cha kujiua, kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani mwaka 1995, kikashuka kwa karibu asilimia 70. Watafiti wamekadiria kwamba maisha 93,000 yaliokolewa hadi mwaka 2015. Wakati huo huo, nchini humo humo, jaribio kubwa katika vijiji 180 liligawa masanduku ya kufungia viuatilifu majumbani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti. Mifano hiyo miwili nimeiweka pamoja makusudi. Sanduku ni kazi ambayo kikundi cha kijiji kinaweza kuifanya na kuiona kwa macho. Marufuku yanatoka juu. Lakini kilichookoa watu ni marufuku, na sauti za wanaozika ndugu zao zina uzito wa kuyadai.

Japani, familia za waliofiwa pamoja na shirika la LifeLink zilikusanya saini zaidi ya 100,000, na mwaka 2006 bunge likapitisha sheria ya msingi ya kuzuia kujiua. Marekebisho ya mwaka 2016 yakailazimu kila serikali ya mtaa, hadi ile ndogo ya mashambani, kuwa na mpango wake. Vifo vilivyokuwa zaidi ya 30,000 kila mwaka kuanzia 1998 hadi 2011 vilishuka hadi karibu 20,000 mwaka 2019. Uchumi ulichangia pia, kwa hiyo sheria isipewe sifa yote.

Vyombo vya habari navyo ni uwanja wa karibu. Mjini Vienna, mwaka 1987, magazeti yalikubali kuacha kuandika kwa kina na kwa msisimko kuhusu watu waliojiua kwenye reli za chini ya ardhi, na vifo hivyo vikashuka kwa kasi. Kuzungumza na mhariri wa redio ya eneo ni kazi ya alasiri moja: asitaje njia, asitaje mahali, asiseme sababu moja, aeleze pa kupata msaada.

Halafu kuna sheria zinazomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Pakistan ilifuta yake mwaka 2022, Ghana mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachomwadhibu mtu wa namna hiyo kinakiuka katiba. Palipo na sheria kama hiyo, njia ya kwanza na ya pili zinafanya kazi na mguu mmoja, kwa maana mgonjwa anaogopa kwamba kusema kweli hospitalini kutamfikisha polisi.

*Inadai nini.* Miaka. Pia watu wanaoweza kuandika barua fupi yenye ombi moja, kukaa vikaoni, na kurudi walipokataliwa. Ombi moja, nasisitiza. “Serikali ijali afya ya akili” ni ombi ambalo kila kiongozi atalikubali na asifanye lolote. “Muuguzi wa afya ya akili afike kituo chetu kila Jumanne” lina jibu la ndiyo au hapana.

*Inaweza kuumiza wapi.* Waliofiwa na waliookoka huombwa wasimulie hadharani tena na tena, na kila mara kidonda kinafunguka. Msimulizi achague mwenyewe aseme nini, awe na mtu wa kukaa naye kabla na baada, na aweze kughairi hata asubuhi ya siku yenyewe. Pia epukeni kupaza takwimu za kutisha kana kwamba kila mtu mahali penu anajiua. Aliye ukingoni asije akasikia kwamba hilo ndilo wanalofanya watu kama yeye.

*Inawafaa* wenye subira, wenye angalau mtu mmoja anayejua milango ya serikali, na wale ambao tatizo lao haliwezi kutatuliwa na wema wa majirani: sumu inauzwa ovyo, sheria inatisha, au huduma haipo kabisa.

Kwa hali yenu

Kama msiba umetokea mwezi huu, anzeni na wafiwa, hata kama mpango wenu wa muda mrefu ni mwingine. Watu wawili wabishe hodi. Mengine yatangoja.

Kama kuna zahanati inayowapokea watu vizuri lakini hawafiki, wafundisheni walio mstari wa mbele, na pangeni tarehe ya marudio siku ile ile mnayopanga mafunzo. Kwa shule, tafuteni programu ya kuwashirikisha wanafunzi wenyewe badala ya kuishia kwa walimu.

Kama huduma haipo kabisa, msianze na mafunzo makubwa. Anzeni na uchechemuzi wenye ombi moja, na sambamba na hilo tengenezeni benchi dogo la kusikiliza chini ya msimamizi mwenye taaluma, hata kama yuko mbali na anapatikana kwa simu tu.

Kama sheria ya nchi yenu inamwadhibu aliyejaribu, zungumzeni na mwanasheria kabla hamjaandika jina la mtu popote. Orodha ya kufuatilia inaweza kugeuka ushahidi.

Kama kikundi chenu kimejaa waliofiwa wenyewe, moto wenu ni wa thamani, na mna haki ya kutoutumia wote kwa wengine. Wapeni kwanza mwaka mmoja wa mduara wale ambao bado hawalali. Wanaoweza kusimama mbele ya wakubwa watajitokeza wenyewe.

Na kama mmebaki watatu, wale sita nao wamepungua, ningewashauri mwende kwa muuguzi yule wa mkutano wa kwanza. Mwulizeni kama yupo mtu mmoja aliyeruhusiwa wiki hii ambaye angeridhia kujuliwa hali. Nunueni daftari moja, likae kwenye kabati lenye ufunguo. Andikeni tarehe tisa: wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7, ya 11, mwezi wa 4, wa 6, wa 12, wa 18. Kila tarehe iwe na jina la atakayepiga simu, na jina la pili endapo wa kwanza ataugua. Simu ya kwanza haihitaji maneno mengi: “Ni mimi tuliyeonana hospitali. Nilisema nitapiga leo. Umelalaje?”